Kiwanja cha Wote: Namna ya Kusafisha na Kutunza Bustani ya Umma Kalemie

Usianze na ufagio. Anza kwa kukaa na kutazama.

Chagua sehemu unayotaka kuitunza: bustani ndogo ya mzunguko wa barabara, kiwanja chenye miembe mizee karibu na ofisi za serikali, au kipande cha ufuko chini ya avenyu Lumumba. Nenda pale asubuhi, saa sita na jioni kwa juma zima, mikono mitupu. Ona nani anapita, nani anauza, nani anaanika ndakala (dagaa), vijana wanachezea mpira upande gani, mbuzi wanatoka kwa nani. Mvua ikinyesha, rudi mara tu inapokatika na ufuate maji kwa miguu hadi yanakotoka. Kalemie ni mji wa vilima vinavyotelemkia ziwani, na udongo wake mwingi ni mchanga. Takataka nyingi utakazozikuta bustanini hazikutupwa bustanini. Zilitupwa mlimani, kwenye mfereji wa mtu fulani, na maji yakazileta. Ukilijua hilo mapema, utaweka nguvu zako kwenye mdomo wa juu wa mfereji, pale sashe, yaani mifuko ya plastiki, zinapoingilia, kabla ya kuhangaika na majani ya chini ya mwembe.

Nasisitiza maji kwa sababu mji huu una historia yake na maji. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, na mlango huo uko hapa kwetu. Mpelelezi Victor Lovett Cameron alipoufikia mwaka 1874, na mpelelezi mwingine, Stanley, alipokuja miaka miwili baadaye, mlango ulikuwa umejaa mimea na matope, na ziwa lilikuwa likipanda. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1870 maji yalivunja kizuizi, ziwa likashuka. Kati ya 2020 na 2024 wakaaji wa kando ya ziwa waliona tena maji yakipanda, yakiingia katika nyumba na kula barabara. Mvua kubwa ndizo zilizopandisha ziwa. Sashe hazikufanya hivyo, na hakuna sababu ya kutia chumvi. Ila mfereji ulioziba sashe huyafanya maji ya mlimani yalale katika mtaa, na maji yanayolala katika mtaa wa Kalemie huamka na kipindupindu. Kwa hiyo anayesafisha bustani hapa anafanya kazi ya afya, hata kama majirani wataona anapanda maua tu.

Barua kabla ya jembe

Mtu wa kwanza wa kumwona ni chefu wa mtaa. Usimwendee na ombi la fedha, wala usimwendee na kundi la watu kumi na tano. Nendeni wawili au watatu, mmoja wenu awe mtu mzima anayefahamika pale, na mmoja awe mama. Maneno yawe machache: "Papa chefu, shikamoo. Tunataka kutunza kile kiwanja. Hatutaki kukijenga wala kukikodisha. Tunaomba baraka yako na ushauri wako." Mwulize kiwanja ni cha nani kwa karatasi, nani alikitunza zamani, na kuna ugomvi gani uliolala pale. Chefu mwenye miaka mingi kazini anajua mambo ambayo hayamo katika ofisi yoyote.

Kisha andika barua fupi kwa burugumestre wa komini, nakala kwa meya na kwa ofisi ya mipango miji. Taja mahali kwa mipaka yake, siku na saa za kazi, majina ya watu watatu wa kuulizwa, na mambo mawili unayoyaomba: ruhusa ya kutunza, na mahali pa kupeleka takataka. Kila barua iwe na nakala ya ziada, na nakala hiyo irudi kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Usiondoke katika sekretarieti bila muhuri huo, hata ukiambiwa uje kesho. Njoo kesho. Utaona faida yake siku moja, na siku hiyo haitakupa notisi.

Kuunda shirika lenye hati si lazima mwanzoni. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayoongoza mashirika yasiyotafuta faida nchini Congo, na njia yake ni ndefu. Nimeona vikundi vizuri vikitumia nguvu zote kuchagua rais, makamu wa rais na mshauri wa makamu, huku nyasi zikifika kiunoni. Fanyeni kazi msimu mmoja kwanza. Kama mtakuwa bado mko pamoja, tafuteni hati.

Gunia la mwisho litaenda wapi?

Swali hili lijibiwe kabla ya kujaza gunia la kwanza. Kosa linalorudiwa sana katika miji yetu ni kukusanya takataka, kuzirundika kandokando ya barabara, kupiga picha na kwenda nyumbani. Mvua ya kwanza inazirudisha zote zilikokuwa, na jirani aliyetazama anajifunza kwamba kusafisha ni kazi bure. Kuzitupa mtoni ni vibaya zaidi: kinachoingia Lukuga kinashuka kuelekea Lualaba, na kinachoingia ziwani kinabaki kwenye maji tunayochota sisi na ndugu zetu wa Burundi, Tanzania na Zambia.

Tenganisheni palepale, mikononi, wakati wa kuokota.

Vinavyooza ndivyo vingi kuliko vyote: maganda ya muhogo na ndizi, makapi ya miwa, majani, mabua ya mahindi. Hivyo visitoke bustanini kamwe. Chagueni kona yenye kivuli, mbali na mfereji, mjenge rundo la upana na kimo cha karibu mita 1: tabaka la majani makavu, tabaka la mabichi, udongo kidogo juu, kisha tena. Rundo liwe na unyevu wa kiasi. Ukikamata konzi moja na kuiminya, itoe tone moja au mawili tu. Ligeuzeni kila baada ya wiki mbili. Katika joto la Kalemie, miezi mitatu hivi inatosha kupata mbolea nyeusi isiyonuka, na mchanga wetu una njaa ya mbolea hiyo.

Vyenye bei ni chupa, mabidoni yaliyopasuka, vyuma. Kuna watu wanaoishi kwa kuviokota na kuviuza, wengine ni vijana wadogo. Waiteni kabla ya siku ya kazi, wachukue vyao kwanza. Mkivikusanya na kuvipeleka jalalani, mmewanyang'anya chakula.

Halafu sashe. Amri ya waziri mkuu namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki nchini, lakini ukisimama popote Kalemie siku ya upepo utaona amri hiyo imefika wapi. Msizichome. Moshi wake ni sumu, na wa kwanza kuuvuta ni mama anayeuza mandazi hatua kumi kutoka pale. Zikung'uteni mchanga, zikaushwe, zishindiliwe kwenye magunia, na ziende kwa toroli hadi mahali ambapo komini imeonyesha kwa barua. Kama komini bado haijaonyesha mahali, punguzeni kiasi mnachokusanya kwa siku kilingane na mnachoweza kukihifadhi vizuri. Eneo dogo lililo safi kweli lina nguvu kuliko uwanja mzima uliohamishiwa uchafu wake kona moja.

Na vya hatari. Sindano, wembe na vioo vilivyovunjika havishikwi kwa kidole. Vibanwe kwa koleo au vijiti viwili, viingie katika bidoni lenye mfuniko. Kinyesi cha watu, ambacho ufukoni hakikosekani, kisichanganywe na mbolea. Kizikwe kwa chepe mbali na maji na kumwagiwa chokaa. Na kwa kuwa Tanganyika ni jimbo lililopitiwa na vita zaidi ya mara moja, kuna kanuni isiyo na mjadala: mkiona chuma msichokielewa, chenye umbo la chupa, la yai au la bomba lililofungwa, hakiguswi, hakipigwi teke, hakisogezwi. Wekeni alama mbali nacho, ondoeni watu, mmoja ampelekee habari chefu na polisi.

Kumbukumbu ya salongo

Ukiwaita watu kusafisha, wazee watasikia neno moja hata kama hukulitamka: salongo. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu uliifanya kazi hiyo ya pamoja kuwa ya lazima, na aliyekosa alijua adhabu inamsubiri. Leo pia, katika miji mingi ya Congo, salongo ya Jumamosi huja na maduka kufungwa kwa amri na askari kupita. Watu walifagia, naam, lakini walifagia mbele ya macho ya mkubwa. Mkubwa akigeuka, ufagio ulilala. Jirani zetu wa Rwanda wana umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mitaa yao ni safi, ila nyuma yake kuna mkono imara wa serikali ambao sisi raia hatuna na hatuhitaji kuutafuta.

Kwa hiyo usiite watu kwa kipaza sauti. Nenda nyumba kwa nyumba, uite kwa jina: mama fulani, yaya fulani, papa wa pale kwenye mwembe. Sema saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na uiheshimu ya kumaliza kuliko ya kuanza. Mtu aliyeahidiwa masaa mawili akazuiliwa manne hatarudi.

Jambo la pili la kusema wazi ni malipo. Mashirika ya misaada yamefanya kazi hapa kwa miaka mingi, na mengine yamewalipa wakaaji kufagia mifereji na kutengeneza barabara. Hilo lilisaidia familia zilizokimbia vita, nami sitalilaumu. Lakini limeacha swali mdomoni mwa kila unayemwita: "Motisha iko?" Jibu palepale, bila kuzunguka: hakuna. Kuna maji ya kunywa, kuna sabuni, na watoto wako watakuwa na kivuli cha kuchezea. Wengine watageuka na kwenda, na wana haki, kwa sababu mtu anayetafuta chakula cha leo hawezi kukupa asubuhi yake. Fanya kazi na watakaobaki. Watu saba wanaokuja kila juma wanatosha kutunza bustani ya ukubwa wa uwanja wa mpira, na ni bora kuliko mia moja wa siku moja.

Ukipokea mchango wowote, hata faranga elfu mbili za sabuni, uandikwe katika daftari mbele ya watu wawili, na daftari lisomwe kwa sauti mwisho wa kila mwezi. Vikundi vingi vya mtaa vimevunjwa na fedha ambazo hazikufika bei ya jembe.

Wanaouza ni walinzi wako

Hapa ndipo natofautiana na wengi. Kila kikundi kipya cha usafi huja na wazo la kuwafukuza wauzaji: mama wa karanga, kijana wa kadi za simu, wanaoosha pikipiki, wavuvi wanaotengeneza nyavu. Wanaonekana kuwa ndio uchafu. Nakusihi usifanye hivyo. Mama wa karanga yuko pale kuanzia asubuhi mpaka giza, siku sita kwa juma. Wewe uko pale masaa mawili. Nani atamwona mtu anayekuja usiku kumwaga takataka za hoteli? Nani atakumbuka mbuzi ni wa nani?

Bustani ya Forodhani, Unguja, ilipofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati uliofadhiliwa na mfuko wa Aga Khan, wauzaji wa chakula cha jioni hawakufutwa. Walipangiwa sehemu yao na utaratibu wao, na mpaka leo watu huenda Forodhani kwa ajili yao. Kalemie hatuna mfadhili wa namna ile, lakini mpango wenyewe hauhitaji fedha nyingi. Kaeni na wauzaji chini ya mti, kila mmoja akubali eneo la hatua tano kuzunguka meza yake, apewe gunia lake la takataka, na gunia likijaa nyinyi ndio mlibebe. Wanaoosha pikipiki wasogezwe mahali ambapo maji yao yenye mafuta hayatelemki moja kwa moja ziwani. Shimo la changarawe hupunguza sehemu ya madhara. Wanaoanika ndakala wapewe sehemu yenye jua iliyo juu ya njia ya maji machafu. Wanaocheza mpira wabaki na uwanja wao kamili. Bustani isiyo na watoto wanaocheza itageuka jalala baada ya miezi michache, kwa sababu haina mwenye hamu nayo.

Asubuhi ya kazi

Anzeni saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijakaza. Vifaa si vingi: reki mbili, chepe mbili, fyekeo, magunia, glavu au angalau mifuko minene ya kuvaa mikononi, viatu vilivyofungwa, toroli moja ya kuazima, ndoo mbili zenye mfuniko. Ndoo moja ni ya maji ya kunywa yaliyotiwa dawa, nyingine ya kunawa kwa sabuni. Msizichanganye, na kila moja iwe na kikombe chake. Hakuna kula embe katikati ya kazi. Mwenye kuhara siku hiyo abaki nyumbani, bila aibu. Watoto wapewe kumwagilia na kuhesabu miche. Kuokota na kutenganisha ni kazi ya watu wazima.

Ufukoni ongezeni tahadhari. Msiingie kwenye matete kabla ya kupambazuka vizuri wala jioni, kwa ajili ya mamba na kiboko. Msisimame muda mrefu katika maji yaliyotulia yenye konokono, kwa ajili ya kichocho. Na matete yenyewe msiyafyeke eti ili ziwa lionekane: mizizi yake inashika udongo na samaki wadogo wanakulia humo. Okoteni chupa zilizonasa ndani yake, basi.

Kupanda, na zaidi kutunza kilichopandwa

Kupanda mti ni asubuhi moja. Kuuvusha kiangazi ni miezi mitano. Pandeni mvua zinapoanza kukolea, Oktoba na Novemba, ili mche upate msimu mzima wa mvua. Shimo liwe na sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uwekwe kando, uchanganywe na mbolea yenu, urudi kwanza chini. Funikeni kuzunguka mche kwa majani makavu, yasiguse shina. Wekeni uzio wa vijiti siku hiyohiyo, kwa sababu mbuzi wa Kalemie hangoji kesho. Kuanzia Mei mpaka Septemba kila mche upate bidoni la lita 20 kwa juma, likimwagwa taratibu. Hesabuni mabidoni kabla ya kuhesabu miche: kama kikundi kinaweza kubeba mabidoni kumi, pandeni miti kumi, hata mtu akiwaletea miche mia bure.

Mwembe na mparachichi hupendwa, lakini matunda huleta mawe na fimbo. Ikae katikati, mbali na barabara na madirisha. Kwa kivuli tu, mwarobaini huvumilia ukame. Msipande mikaratusi karibu na mfereji au kisima. Pale ambapo mtelemko umeanza kukatwa na maji, mti peke yake hautatosha. Pandeni nyasi za vetiva kwa mstari unaokata mtelemko kwa upana, shina na shina zikiachana sentimita 10 hadi 15. Mizizi yake hushuka zaidi ya mita 2 na mstari ukishafunga huzuia mchanga huku ukipitisha maji. Ziwekeni mistari hiyo juu ya bustani, huko mlikoona sashe zikiingilia, kabla ya kupanda ua hata moja chini.

Siku ya vigingi

Mahali penye usafi hupanda bei. Hili mjiandae nalo tangu mwanzo: siku moja, pengine mwaka wa pili, mtakuta watu wenye kamba ya kupimia na vigingi, na mmoja wao atasema ana hati ya parseli ndani ya bustani.

Msipigane, wala msing'oe vigingi. Pigeni picha za vigingi na za mahali, andikeni tarehe na saa, ombeni kwa adabu kuona hati na mnukuu namba yake. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ibara ya 55, inasema kwamba ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya umma haiwezi kuuzwa wala kutolewa maadamu haijaondolewa katika matumizi hayo kwa utaratibu wa sheria. Basi swali lenu kwa ofisi ya kadasta na kwa ofisi ya mipango miji ni moja, nalo liwe kwa maandishi: ni hati gani iliyoondoa kiwanja hiki katika matumizi ya umma, ya tarehe gani, imetiwa saini na nani? Ambatisheni nakala ya barua yenu ya kwanza yenye muhuri, daftari la siku za kazi, na picha za kabla na baada. Nakala zipelekwe kwa burugumestre, meya na mbunge wa jimbo.

Barua zimewahi kuokoa bustani. Mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa kusimama ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Alianza kwa barua: kwa ofisi za serikali, kwa magazeti, kwa mabalozi. Alitukanwa hadharani, bungeni pia, lakini wafadhili walijiondoa na mradi ukafa. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, yeye na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura uliokuwa ukigawiwa watu binafsi. Karura ipo mpaka leo, na inatunzwa na serikali pamoja na chama cha wakaaji. Anayekwenda mbele peke yake huumizwa kirahisi, kwa hiyo barua yenu isainiwe na wengi: mama wa karanga, kapteni wa timu ya mpira, mchungaji, shehe, mwalimu wa shule ya jirani, chefu mwenyewe kama atakubali. Nakala za kila kitu zikae katika nyumba tatu tofauti. Na juma linalofuata, siku na saa ileile ya kawaida, njooni na reki zenu, mfagie mkizunguka vigingi bila kuvigusa, huku mkingoja jibu la ofisi.